Madoa, vishimo na uvimbe wa chunusi: uanzie wapi na nini usiguse

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Mwanza. Nilisumbuliwa na chunusi toka form two, sa hivi zimepungua ila hazijaisha, naota mbili tatu kila wiki. Shida ni uso, umejaa madoa meusi na mashavuni nina vishimo. Nimepaka limao, manjano, na kuna krimu nilichanganyiwa dukani ikanitakatisha mwezi mmoja tu, nikiiacha uso unawaka na chunusi zinarudi kibao. Rafiki yangu ananiambia leza mara moja tu inamaliza kila kitu, mwingine anasema ninunue demarola mtandaoni nijifanyie mwenyewe. Nifuate ipi? Alafu kwenye taya kuna chunusi ya zamani imebaki imevimba, ngumu, inawasha, hiyo nayo itaondoka na leza?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, maana umeuliza sana kuhusu leza na demarola (kile kirola chenye vijisindano) alafu huo uvimbe wa kwenye taya ukautupia mwishoni kabisa, mimi ndo nauanzia huohuo kwa sababu jibu lake linabadilisha majibu mengine yote.

Kitu kigumu, kinachowasha, kilichobaki baada ya chunusi kupona, hiyo ni dalili ya kovu la kuota. Kama limebaki ndani ya mipaka ya ile chunusi yenyewe basi ni kovu lililonenepa tu, linaweza hata kupungua lenyewe taratibu kwa miezi mingi. Ila kama limetambaa likavuka pale chunusi ilipokuwa na linaendelea kukua, hiyo ni keloidi, na sisi watu weusi tunazipata zaidi, hasa kwenye taya, masikio, kifua, mabega na kisogoni pale kinyozi anapopitisha mashine. Hapo mtu asikwambie twende tukalikate tu liishe. Keloidi ikikatwa peke yake bila tiba nyingine ya kuisindikiza mara nyingi inarudi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Tiba ya kuanzia ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, inachomwa ndani ya kovu lenyewe, kwa kawaida kati ya miligramu 10 na 40 kwa kila mililita, unarudia kila baada ya wiki nne hadi sita, na utahitaji awamu kadhaa. Kuwasha ndo kunaondoka mapema, alafu linaanza kulainika na kushuka. Sindano ikizidi au ikikosea sehemu, ngozi ya pembeni inaweza kubonyea au kupauka, kwahiyo achome mtu anayejua.

Sasa kwanini nimesema inabadilisha kila kitu: karibu tiba zote za vishimo zinafanya kazi kwa kuumiza ngozi makusudi ili ijijenge upya. Mwili unaoota keloidi ukiumizwa unaweza kuota nyingine. Haimaanishi hutibiki, inamaanisha daktari ajue mapema kabla hajashika mashine yoyote, aangalie na kifua na mabega yako, akuulize kama baba au mama anazo, na kama mtaendelea basi ajaribishe sehemu ndogo kwanza, kwa mfano pembeni ya taya, asubiri miezi aone panaponaje. Ukienda kliniki hawakuulizi hata moja kati ya hayo, wanakuuliza tu utalipa kwa simu au keshi, toka.

Tuje kwenye madoa. Fanya hivi leo jioni: funga macho, pitisha kidole shavuni taratibu. Pale ambapo kwenye kioo unaona weusi lakini kidole hakihisi chochote, hilo sio kovu, ni doa, yaani rangi iliyomwagika kwenye ngozi wakati chunusi inawaka. Doa linatibika bila mashine yoyote. Watu wengi wanaokuja wanalia makovu, ukiwapima hivi unakuta sehemu kubwa ni madoa, na wengi wanakuwa wameshachoma hela kwenye vitu ambavyo vimewaongezea madoa. Doa la juu juu lina rangi ya kahawia, linaweza kufifia kwa miezi kadhaa mpaka mwaka. Lile lenye rangi kama ya majivu au ubluu limezama chini zaidi, linakaa sana, hilo uwe na subira nalo.

Kabla ya yote, zile chunusi mbili tatu za kila wiki lazima zikome. Najua unaziona ni kidogo ukilinganisha na zamani lakini kila moja inayoiva inaacha doa jipya au kishimo kipya, ukianza kutibu makovu huku chunusi bado zinaota unafanya kazi isiyoisha. Na habari njema ni kwamba dawa za kuzizuia ndo hizohizo zinazofuta madoa. Jeli ya adapalini asilimia 0.1 usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, sio kwa kila chunusi, anza siku mbili kwa wiki, ngozi ikizoea ongeza mpaka kila usiku. Itakukausha kidogo na kubabuka kidogo wiki za mwanzo, paka losheni ya kawaida isiyo na manukato juu yake. Usijitie ushujaa ukapaka nyingi, ngozi yetu ikiwashwa na dawa inajibu kwa kuweka weusi mwingine, kwahiyo mwenye haraka ndo anayechelewa hapa. Unaweza kuongezea asidi ya azelaiki asilimia 15 au 20 asubuhi, hiyo ni nzuri sana kwa watu weusi, inapiga chunusi na doa kwa pamoja. Chunusi zikiwa kubwa za ndani zenye maumivu hizo krimu pekee hazitoshi, daktari atakuandikia vidonge. Na kwa dada zetu wanaosoma hapa: mjamzito asipake adapalini wala ndugu yake tretinoini, azelaiki ndo inayoruhusika, na vidonge vya isotretinoini, vile vya chunusi kali, ni marufuku kabisa kwenye ujauzito kwa sababu vinaharibu mtoto tumboni.

Hata vishimo vinafaidika na hatua hii. Kuna utafiti wa wiki 24 uliochapishwa mwaka 2018, walipaka adapalini asilimia 0.3 iliyochanganywa na benzoili peroksaidi, dawa inayoua vijidudu vya chunusi, upande mmoja wa uso, upande mwingine wakapaka krimu isiyo na dawa, upande wa dawa vishimo vikapungua idadi na ule mwingine vikaongezeka. Sio muujiza, ila ni krimu ya usiku tu, hamna sindano wala nini.

Jua sasa. Mwanza iko karibu kabisa na ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini, jua linakupiga mwaka mzima, na doa linaloota jua haliondoki hata upake nini. Watu wananiambia dokta sanskrini si za wazungu? Hapana. Ngozi nyeusi haiungui haraka, ni kweli, lakini rangi yake inachochewa na jua, tena sio ule mionzi usioonekana tu, hata mwanga wa kawaida unaouona kwa macho unachochea madoa kwenye ngozi yetu. Kwahiyo tafuta losheni ya jua yenye kinga (SPF) ya 30 kwenda juu, na kama unaipata ile yenye rangi ya kahawia ndani yake ndo bora zaidi, ile rangi inatokana na madini ya chuma ambayo yanazuia huo mwanga unaoonekana, na pia haikuachii uso wa kijivu. Paka ya kutosha, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, ukiwa juani rudia kila masaa mawili. Kofia pana nayo isaidie.

Krimu ya dukani uliyochanganyiwa. Hapa naomba unisikilize vizuri maana umenipa dalili zote mwenyewe: inatakatisha ndani ya wiki chache, ukiacha uso unawaka na chunusi zinafumuka. Hiyo tabia ni ya steroidi kali, aina za klobetasoli au betamethasoni, mikorogo mingi inazo. Inazima wekundu na uvimbe haraka ndo maana unaona imefanya kazi, kumbe inakondesha ngozi, inaleta vipele vyake vyenyewe vya saizi moja, mishipa midogo inaanza kuonekana, na jua likikupiga uso unachoma. Mingine ina haidrokwinoni au zebaki. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni yenyewe ni dawa halali mkononi mwa daktari, kwa miezi michache na kwa kipimo, ila ikipakwa miaka inaweza kugeuka ikaacha weusi wenye ubluu ambao hautoki tena, na ndo maana nchini kwetu vipodozi vyenye hivyo viambato vimepigwa marufuku. Kama bado unaipaka, usiiache ghafla leo usiku, uso utakufumukia vibaya, ibebe na kopo lake uende nayo kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kushuka taratibu.

Limao acha kabisa. Asidi yake inaunguza, na juisi ya limao au ndimu ikipigwa na jua ikiwa kwenye ngozi inaunguza zaidi na kuacha alama nyeusi. Dawa ya meno na magadi ni hivyohivyo. Manjano na liwa za mama zetu wa pwani sina ugomvi nazo, zikipakwa bila kusugua hazimdhuru mtu sana, ila hazijazi kishimo. Na nyie vijana wa kiume kuna hili la saluni: ukimaliza kunyoa unakalishwa, unapigwa skrabu, mvuke wa moto, alafu dada anaanza kukukamua vipele. Uso wenye chunusi usifanyiwe hivyo. Kukamua kunapasulia ule usaha ndani kwa ndani na hapo ndo vishimo vinapozaliwa. Nyoa, jifute, ondoka, na uwe na mashine yako mwenyewe kama unaweza.

Vishimo. Hapa ndo penye utaalamu kidogo na ndo watu wanapopigwa hela. Simama pembeni ya dirisha mwanga ukitokea ubavuni, au tumia tochi ya simu kwa pembeni, sio kwa mbele, alafu vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Vile vishimo ambavyo ukivuta vinatoweka, vyenye mapana na kingo laini, ngozi ya pale imefungwa kwa chini na nyuzi za kovu, kama godoro lilivyoshonwa kwa vifungo likabonyea. Hivyo ukipaka krimu juu miaka kumi havinyanyuki kwa sababu kinachovuta kiko chini. Dawa yake ni kuzikata hizo nyuzi, inaitwa subsisheni, madaktari kina Orentreich wa Marekani ndo waliieleza mwaka 1995: unachomwa ganzi, sindano maalum inapitishwa chini ya ngozi inakata zile nyuzi, ngozi inanyanyuka. Utavimba na kuvilia damu wiki moja mpaka mbili, kwahiyo usipange siku chache kabla ya harusi ya mtu. Kwa ngozi nyeusi ni tiba nzuri mno kwa sababu juu hamna moto wala majeraha ya maana, na inashangaza jinsi isivyotangazwa, nadhani ni kwa sababu haina mashine ya kupiga nayo picha. Pale palipobonyea sana daktari anaweza kuongezea sindano ya kujaza ya asidi ya hayaluroniki, inakaa miezi sita hadi mwaka na zaidi kidogo alafu inayeyuka unarudia, ina gharama, na achome daktari pekee maana ikiingia kwenye mshipa wa damu inaua ngozi na inaweza hata kupofusha jicho.

Vile vingine ambavyo hata ukivuta havitoki, vina mdomo mdogo chini ya milimita mbili na vinazama sana, ndo vilivyo vingi kwa watu wengi na ndo visumbufu. Leza na sindano za juu juu hazifiki chini kwake. Kuna njia iliyotoka Korea ikachapishwa mwaka 2002, tone la asidi kali ya TCA, wao walitumia asilimia 65 na 100, linawekwa kwa kijiti chembamba ndani ya kila kishimo peke yake, kinageuka cheupe, kinapata kigaga, alafu kinajijaza kutoka chini, unarudia baada ya wiki nne au zaidi. Kwa ngozi yetu wengi wanashusha nguvu ya asidi kwa sababu tone likimwagika pembeni linaacha doa jeupe au jeusi. Hiyo asidi inauzwa mtandaoni na nimeona watu wanajipakia nyumbani uso mzima, nakuomba kabisa, usiiguse. Vishimo vikubwa kidogo vyenye kingo zilizosimama, kama viko vichache, vinaweza kukatwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo cha mviringo na kushonwa, ila kwako mwenye dalili ya keloidi mimi nisingeanzia huko.

Alafu kuna maikronidlingi, vijisindano vingi vinavyotoboa ngozi ili itengeneze kolajeni mpya, ile protini inayoishikilia ngozi. Hii ndo ningekupigia debe kwa vishimo vya kati na kwa kulainisha uso kwa ujumla, ukishapimwa hilo suala la keloidi. Haina moto, kwahiyo hatari ya kubaki na madoa kwa mtu mweusi ni ndogo kuliko leza. Kliniki wanatumia urefu wa kama milimita 1.5 mpaka 2.5 mashavuni, kwa ganzi ya kupaka, mara tatu mpaka sita, kila baada ya wiki nne mpaka sita. Wengine wanaongezea damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine, inaweza kusaidia kidogo, lakini kama hela ni ya mawazo nunua awamu moja zaidi ya sindano kuliko hiyo damu.

Demarola ya mtandaoni ni kitu kingine kabisa hata kama zinafanana. Zile fupi za milimita 0.2 au 0.3 hazifiki kovu liliko, na zile ndefu ukijiviringishia nyumbani zinachana ngozi kwa mshazari, husafishi inavyotakiwa, ukipitisha juu ya chunusi mbichi unasambaza vijidudu uso mzima. Na msiazimane jamani, kile kitu kinatoa damu, virusi vya homa ya ini na Ukimwi vinapita humohumo.

Leza sasa, ya rafiki yako. Leza ni familia ya mashine, sio mashine moja. Ile ya kaboni dayoksaidi inachoma kabisa ngozi na inaweza kunyoosha vishimo vizuri sana kwa mzungu, lakini joto lake kwenye ngozi kama yetu linaweza kuacha uso mzima na weusi wa miezi. Kwenye kile kipimo cha aina za ngozi alichoanzisha daktari Fitzpatrick mwaka 1975, ambacho siku hizi kina aina sita, sisi wengi tuko namba tano na sita, na mipangilio ya mashine lazima ifuate hiyo namba. Kuna leza zisizochoma juu, na zile zenye mawimbi marefu ya nanomita 1064, na sindano zenye mawimbi ya redio zinazopeleka joto chini tu, hizo ni salama zaidi kwetu zikishikwa na mtu mwenye uzoefu wa watu weusi. Lakini hamna hata moja inayomaliza mara moja. Hamna. Wote ni awamu kadhaa, na uso haurudi ulivyokuwa darasa la saba, tunachotafuta ni vishimo vishuke kiasi kwamba mtu aliyekaa mbele yako havioni, hiyo inawezekana na kwa wengi inafikiwa.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningeenda hivi: kwanza daktari wa ngozi aone huo uvimbe na hiyo krimu. Hapo Mwanza hospitali ya Bugando haiko mbali, kaulizie kliniki ya ngozi, na ukiweza kufika Moshi kuna kile kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992, wamefundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika na hapo ndo ilipoanzia losheni ya jua ya KiliSun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Alafu miezi mitatu mpaka sita ya kuzima chunusi na madoa kwa dawa za kupaka na sanskrini. Baada ya hapo ndo uangalie vishimo vilivyobaki, maana madoa yakishafutika vingine utagundua havikuwa vishimo bali ni kivuli cha doa. Kama umewahi kunywa isotretinoini sema, zamani tulikuwa tunamwambia kila mtu asubiri miezi sita, tangu 2017 wataalamu wa upasuaji wa ngozi wa Marekani wameshalegeza kwa tiba za juu juu, lakini daktari anatakiwa ajue. Na kama huwa unatoka vidonda vya homa mdomoni sema pia, utapewa dawa ya kuzuia kabla ya leza, la sivyo vinaweza kusambaa uso mzima.

Ukifika kliniki ya kulipia waulize picha za wateja wao weusi, kabla na baada ya miezi sita, sio baada ya siku tatu uso ukiwa bado umevimba, maana uvimbe wenyewe unaficha vishimo. Uliza ni nani anashika mashine, daktari au dada wa mapokezi, uliza sindano zinafunguliwa mbele yako, na uliza bei ya awamu zote sio ya moja. Wewe mwenyewe jipige picha leo, sehemu moja, mwanga uleule wa dirishani, bila filta, na uwe unarudia kila mwezi, kwa sababu kolajeni inajengwa polepole mno, matokeo kamili ya vishimo yanahesabiwa miezi mitatu mpaka sita baada ya awamu ya mwisho, na kwenye kioo cha kila asubuhi hutoyaona.